Puli za Barabara ya Makere

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na kuishia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Nyanda za juu za Buha, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, zikabaki kando. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliiona nchi hiyo kuwa hazina ya vibarua. SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge kilichoundwa mwaka 1944, kilikusanya vijana wa Kiha na kuwapeleka umanamba. Barabara ya kuwatoa watu ilitosha. Ya kuingizia spea haikumshughulisha mtu. Dereva aliyepandisha gari hadi Makere, kwenye njia ya kwenda Kibondo, ilimpasa awe nusu fundi.

Historia ya magari ya huku mara nyingi husimuliwa kwa majina ya malori na tarehe za barabara. Inastahili kusimuliwa pia kwa kuanzia mbele ya injini, kwenye puli na mkanda wa feni, maana hapo ndipo safari nyingi zilipookolewa au kukatishwa.

Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ikawa gari la serikali, la misheni na la daktari katika sehemu nyingi za Tanganyika. Injini zake za zamani zilikuwa na mpango mwepesi: puli ya krenki chini, ya pampu ya maji pamoja na feni juu, na ya dinamo pembeni, zote zikizungukwa na mkanda mmoja. Mkanda huo ukikatika, umeme na upoozaji vinakufa kwa pamoja. Taa nyekundu ya chaji huwaka kwanza. Baada ya dakika chache rejeta inachemka. Dereva aliyeijua taa hiyo alizima injini mapema na kuinusuru silinda hedi. Aliyeipuuza alingoja gari la kumvuta, na huenda lilichukua siku kadhaa kupita.

Mkanda wa aina hiyo una umbo la herufi V, na hushika kwa mbavu zake mbili. Sehemu yake ya chini haitakiwi kugusa sakafu ya mfereji wa puli hata kidogo. Kwa hiyo fundi anayekagua hatazami mpira tu. Anazima injini, anautoa mkanda, anapangusa mfereji na kuuangalia: sakafu ikiwa imeanza kung'aa, mkanda umezama, na mbavu hazibani tena. Kama ulioliwa ni mfereji wenyewe, kuufunga mkanda mpya ni kupoteza fedha.

Na barabara ya Makere ilijua kuula. Udongo wa huko ni mwekundu, na wakati wa kiangazi vumbi lake hupenya kila upenyo wa boneti. Likiingia kati ya mpira na chuma, linafanya kazi ya msasa. Masika yakija, matope yanarushwa juu, mkanda unateleza, unapata joto na ubavu wake unakuwa mgumu kama pembe. Wapo waliotia sabuni au grisi ili kuunyamazisha unapopiga kelele. Kelele ilikoma, lakini grisi huulainisha mpira na kuuozesha, na mkanda unateleza zaidi.

Magari hayakuwa mwalimu pekee wa kazi hii. Vijiji vya mpango vilivyotokana na Oparesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, viliwaweka watu pamoja, na palipo na watu wengi panahitajika mashine ya kusaga. Injini ya dizeli ya aina ya Lister, yenye gurudumu kubwa, huzungusha kinu kwa mkanda unaopita kwenye puli. Kanuni ni moja, kwa kinu na kwa gari: uzi ukivutwa kwenye nyuso za puli mbili zenye unene sawa, uguse sehemu nne. Ukiacha mwanya, puli moja imekaa upande, na mkanda utaliwa ubavu mmoja hadi nyuzi zitokeze.

Ustadi huo ulipata kazi nzito mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipoishiwa fedha za kigeni na maduka ya spea yakabaki na rafu tupu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kabla ya hapo, puli iliyopinda ilinyooshwa na beringi ya pampu iliyoanza kulia ilioshwa kwa mafuta ya taa na kutiwa grisi upya ilipowezekana. Tiba hizo zilikuwa za muda, lakini zilifikisha wagonjwa hospitali.

Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa karibu na Makere kwa wakimbizi waliokimbia vita vya Kongo. Malori ya chakula na Land Cruiser za mashirika zikaongezeka, na mwaka 2015 wimbi la wakimbizi kutoka Burundi likazidisha msafara. Land Cruiser za dizeli za wakati huo bado zilitumia mikanda ya V, nyingine miwili sambamba. Miwili hiyo hubadilishwa pamoja. Mpya ukifungwa na mkongwe, mpya hubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Wakati huo mabadiliko yalikuwa yameshaanza mbali. Ford Mustang ya mwaka 1979 ilitoka na mkanda mmoja mrefu wa mifereji mingi. Mpango huo ndio uliomo leo katika magari mengi madogo yanayoagizwa Tanzania yakiwa yametumika Japani. Mkanda wa dharura uliofungwa kwa vipande vya tyubu hausaidii kitu hapo. Changarawe moja iliyonasa mferejini inaweza kuurusha mkanda, na puli za kukazia, nyingine za plastiki, hubeba beringi zilizozibwa ambazo haziongezwi grisi. Fundi anautoa mkanda, anazungusha kila puli kwa kidole na kusikiliza. Inayokwaruza au kuyumba inabadilishwa nzima.

Sasa lami ya kuunganisha Kabingo, Kasulu na Manyovu, mradi wa kilomita 260 hivi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inapita katika njia hiyo ya vumbi. Mikanda itadumu zaidi. Lakini Land Cruiser za zamani bado zinaingia kwenye njia za vijijini ambako lami haijafika, na kwa hizo kipimo hakijabadilika: kidole gumba kikibonyeza mkanda katikati ya sehemu yake ndefu, uingie kama sentimita moja.