Shamiseni: Nyuzi Tatu za Japani na Mikono Iliyozitunza

Kurasa hizi zimezoea kuwaletea wasomaji habari za tenzi, ngonjera na taarabu, yaani sanaa ambazo ndani yake neno hutangulia na ala hufuata. Mara hii tuitazame ala ya mbali yenye tabia iyo hiyo. Wajapani huiita shamiseni. Ina nyuzi tatu tu, nayo imebeba hadithi na nyimbo za nchi ile kwa zaidi ya miaka mia nne.

Asili yake si Japani. Wachina walikuwa na ala ya nyuzi tatu iliyofunikwa kwa ngozi ya nyoka, nayo ikavuka bahari hata ufalme wa Ryukyu, katika visiwa tuvijuavyo leo kwa jina la Okinawa, ambako huitwa sanshini. Kutoka huko, katikati ya karne ya 16, merikebu za biashara ziliifikisha bandari ya Sakai, karibu na Osaka. Msomaji wa pwani atakumbuka gabusi, ambalo wengine huliita kibangala: nalo pia lilikuja kwa njia ya bahari, tumbo lake likiwa limewambwa ngozi.

Waliotangulia kuipokea walikuwa wanaume vipofu, ambao kazi yao ilikuwa kusimulia hadithi za vita vya kale huku wakipiga ala nyingine iitwayo biwa. Hawakuiacha kama ilivyokuja. Ngozi ya chatu ikabadilishwa ikawa ya paka au ya mbwa. Badala ya kipande kidogo kilichovaliwa kidoleni, wakatumia risha kubwa la biwa, pana kama upepeo mdogo, liitwalo bachi. Bachi hupiga uzi na ngozi kwa pamoja, hata shamiseni ikawa zeze na ngoma kwa wakati mmoja. Shingo yake ni ndefu na nyororo, haina vipingo vya kuonyesha mahali pa kidole, hivyo mpigaji hana budi kutegemea sikio.

Jambo moja lastahili kuelezwa kwa makini. Juu kabisa ya shingo, uzi mnene haulazwi juu ya kijiti kama nyuzi mbili za chini. Huachwa uguse mti kidogo, nao ukipigwa hutoa mvumo kama wa nyuki. Mvumo huo huitwa sawari. Mtu aliyezoea gitaa angedhani ala imeharibika, kumbe fundi ameutengeneza kusudi, na shamiseni isiyovuma kwa Mjapani ni kama chakula kisichotiwa chumvi.

Mjini ala hii ilipata bahati mapema. Mwaka 1684 msimulizi Takemoto Gidayu alifungua jumba lake la michezo ya vikaragosi huko Osaka, na mtunzi Chikamatsu Monzaemon akamwandikia michezo. Msimulizi mmoja husema maneno ya vikaragosi vyote, na mpiga shamiseni aliyeketi kando yake humpa pumzi, huzuni na haraka. Mwaka 1703 walionyesha kisa cha wapenzi wawili waliojiua pamoja mwaka uo huo mjini Osaka. Michezo ya namna hiyo ilipendwa mno, na vijana wakaanza kuiga vitendo vyake, hata serikali ikaipiga marufuku mwaka 1723. Katika majumba ya kabuki na katika nyumba za starehe, shamiseni ilikuwa pia mwenyeji.

Lakini maisha yake vijijini ndiyo yanayonigusa zaidi. Katika mkoa wa Echigo, ambao sasa ni Niigata, kulikuwa na wanawake vipofu walioitwa goze. Msichana aliyepoteza macho alipelekwa kwa mama mlezi angali mdogo, akafundishwa nyimbo na mashairi marefu kwa kusikia tu. Kisha walitembea kijiji hadi kijiji kwa safu, kila mmoja ameweka mkono juu ya mzigo wa aliye mbele yake, na aliyeongoza akiwa na nuru kidogo ya macho. Sheria zao zilikuwa kali: goze aliyepatikana na mwanamume aliweza kufukuzwa kundini. Wakulima waliwakaribisha majumbani, na waliofuga nondo wa hariri waliamini kwamba nyimbo za goze huwafanya viwavi wanawiri. Na nyuzi za shamiseni zenyewe, tukumbuke, zilisokotwa kwa hariri.

Kisha yakaja mabadiliko ya Meiji. Mwaka 1871 serikali mpya ilivunja chama cha kale cha wanaume vipofu, nao wakapoteza haki zilizowalinda kwa karne nyingi. Mwaka 1879 ikaundwa ofisi ya kutengeneza mafunzo ya muziki kwa shule, na mwaka uliofuata akaalikwa mwalimu kutoka Boston. Watoto wakafundishwa tuni za Kizungu, zikiwemo za Kiskoti, zilizotiwa maneno ya Kijapani. Shamiseni haikupata nafasi darasani. Wakubwa waliiona kuwa ni ya walevi na ya ombaomba. Sisi walimu tutaielewa hukumu hiyo upesi, maana tumezoea kuona ni nini huitwa elimu na ni nini huachwa mlangoni.

Walioachwa mlangoni hawakunyamaza. Huko Tsugaru, kaskazini mwa kisiwa kikubwa cha Honshu, Takahashi Chikuzan (1910–1998) alipoteza sehemu kubwa ya nuru ya macho utotoni kwa ugonjwa wa surua, akajifunza shamiseni nene ya kwao kwa kipofu mwenzake, na akapiga mbele ya nyumba za watu katika theluji ili apate mchele. Miaka ya 1970 vijana wa Tokyo walijaa katika ukumbi mdogo kumsikiliza, na mwaka 1977 maisha yake yakafanywa filamu. Mwaka 1978 serikali ilimtambua Kobayashi Haru (1900–2005), mmojawapo wa goze wa mwisho, kuwa mhifadhi wa sanaa ya taifa. Na mwaka 2002 mtaala wa shule za kati ulianza kudai kwamba kila mwanafunzi aguse angalau ala moja ya jadi. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 120.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu katika habari hii, ingawa si ya kujivunia. Bachi bora lilichongwa kwa pembe ya ndovu. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe hizo ikomeshwe, na Kenya ikachoma hadharani tani 12. Japani ilikuwa mnunuzi mkubwa, ijapokuwa sehemu kubwa ya pembe ilikwenda katika mihuri. Tangu hapo mafundi wamejaribu mbao, plastiki na vitu vingine.

Namna ya kufundisha itawavutia zaidi wenzangu. Siku hizi yapo maandishi ya nambari, lakini njia ya kale ni ya mdomo. Uzi wa tatu ukipigwa wazi huitwa "ten", ukibanwa kwa kidole ni "chin". Uzi wa pili ukiwa wazi ni "ton", ukibanwa ni "tsun". Nyuzi mbili zikilia pamoja ni "shan". Mwalimu huimba silabi hizo, naye mwanafunzi aliyeketi mbele yake huzifuata kwa mdomo na kwa mkono, mpaka wimbo mzima uweze kusemwa hata pasipo ala.