Ripoti Ilishasema: Durban na Utafiti Unaotuhusu

Kila tukigusa mwaka 2015 kwenye podikasti, swali linalorudi ni lile lile: kwani serikali haikujua? Wazee wetu huguna tu. Sisi tuliosoma, na wengine wetu tunaolipwa kuandika ripoti, tuna jibu baya zaidi. Ilijua. Ilikuwa imeandikiwa.

Turudi nyuma kidogo, Mei 2008. Fujo zilianzia Alexandra, Johannesburg, zikasambaa hadi huku kwetu, na watu 62 wakafa nchi nzima. Kati yao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini, jambo ambalo watu wengi husahau. Mwaka uliofuata watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Jean Pierre Misago, Loren Landau na Tamlyn Monson, walitoa utafiti walioufanyia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Hawakukaa ofisini. Waliingia mitaa iliyolipuka, wakaingia pia mitaa iliyotulia, wakalinganisha. Umaskini ulikuwepo pande zote mbili, na wageni vilevile. Tofauti waliyoiona ni kwamba palipolipuka kulikuwa na watu wa mtaani waliopanga na kuongoza mashambulizi ili wajipatie mamlaka au faida. Yaani, si hasira ya umati iliyofumuka yenyewe tu kama moshi. Kulikuwa na wenye kiberiti.

Sasa twende Machi 2015. Mfalme Goodwill Zwelithini akiwa Pongola aliripotiwa kusema wageni wafungashe warudi kwao. Baadaye alisema maneno yake yalipotoshwa, na Tume ya Haki za Binadamu ikaja kuamua kwamba yaliumiza lakini hayakuwa hotuba ya chuki kisheria. Hilo ndilo dunia nzima inalolikumbuka. Wakati huohuo kule Isipingo kulikuwa na jambo dogo, la kawaida kabisa: mgogoro wa kazi kwenye duka kubwa moja, wafanyakazi wenyeji kwenye mgomo, wageni wakiwa ndani wanafanya kazi. Kutoka hapo vurugu zikaenda Umlazi, KwaMashu, hadi katikati ya mji. Watu wasiopungua 7 waliuawa. Maelfu walilala kwenye mahema Isipingo, Chatsworth na Phoenix, wakiwemo wengi waliozungumza Kiswahili hiki tunachokiandika: Wakongo wa mashariki, Warundi, Watanzania.

Aprili ileile Senzo Mchunu, aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo la KwaZulu-Natal, aliunda kikundi maalum cha uchunguzi na kumweka Jaji Navi Pillay kuwa mwenyekiti. Uteuzi huo tunausifia bila kusita. Pillay ni mtoto wa Durban, binti wa dereva wa basi, na alikuwa ametoka tu kumaliza kazi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Ripoti ilipotoka hadharani mwaka 2016 ilitaja ule mgogoro wa Isipingo, ikataja ukosefu wa ajira na umaskini, ikataja taarifa potofu kuhusu idadi ya wageni. Halafu ikasema kwamba kulikuwa na watu mahsusi, baadhi yao wakiwa na maslahi kwenye biashara ndogondogo, waliochochea mashambulizi kwa makusudi. Wenye maduka ya spaza watatuelewa haraka.

Soma tena ya 2009. Ni jibu lile lile, miaka 7 baadaye, kwa gharama nyingine na makaburi mengine.

Machi 2019 serikali kuu ilizindua Mpango wa Taifa wa Kupambana na Ubaguzi wa Rangi na Chuki dhidi ya Wageni. Ulikuwa mpango mzuri ukiusoma, na ndani yake kulikuwa na ahadi ya utaratibu wa kutoa tahadhari mapema na kuchukua hatua haraka. Siku hizohizo, hapa Durban, Wamalawi walikuwa wakifukuzwa kwenye vibanda vyao upande wa Sydenham, wakikimbilia kituo cha polisi. Tahadhari ingekuwa na kazi wiki ileile ilipoahidiwa.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema utafiti hausikilizwi. Si kweli. Katika mji huu kuna utafiti uliosikilizwa vizuri mno, na hii ndiyo sehemu ya historia ambayo shuleni tuliipita haraka.

Mwaka 1950 bunge lilipitisha Sheria ya Maeneo ya Makundi, na baraza la jiji la Durban likaunda kamati ndogo ya wataalamu ichore namna ya kuigawa Durban kwa rangi. Kamati ilifanya kazi yake kwa bidii. Ilipendekeza mito, reli na mabonde yatumike kama kuta, na kila kundi liwe na njia yake ya kwenda kazini bila kupita kwa kundi jingine. Ukipanda teksi leo kutoka KwaMashu au Umlazi hadi mjini bado unapita ndani ya mawazo yao. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Natal, Leo Kuper, Hilstan Watts na Ronald Davies, waliuanika mpango huo kwenye kitabu chao cha 1958, wakionyesha kwa takwimu nani angehamishwa na nani angebaki alipo. Weupe, kwa sehemu kubwa, wangebaki. Kitabu kilikuwa sahihi. Haikusaidia: mwaka uleule watu walianza kuhamishwa kutoka Cato Manor kupelekwa KwaMashu.

Waliokumbwa na uainishaji huo ni pamoja na watu wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Wengi wao asili yao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliookolewa na manowari za Uingereza kutoka majahazi ya watumwa na kuletwa Port Natal kuanzia 1873, kisha wakafungwa mikataba ya kazi kwa sababu koloni lilikuwa na njaa ya vibarua. Walijijenga King's Rest, kwenye Bluff, wakiwa na msikiti wao na makaburi yao. Apartheid ilipokuja, maofisa hawakujua wawaweke wapi. Walikuwa weusi, lakini Waislamu, na jina lao lilinuka bahari. Mwishowe waliandikwa "Waasia wengine", na miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth, eneo lililotengwa kwa Wahindi. Ni Chatsworth hiyohiyo ambako mahema ya 2015 yalisimikwa.

Kwa hiyo tukisikia "utafiti" tunauliza kwanza: umeandikwa ukabidhiwe nani? Ule wa 1951 ulikuwa na mwenyewe, ofisa mwenye ramani na bajeti. Wa 2009 na wa 2016 ilikabidhiwa serikali kwa ujumla, yaani hakuna mtu hasa wa kupigiwa simu.

Kuna mfano mmoja wa hapahapa unaotupa moyo, nao hauhusu wageni bali maji. Quarry Road West ni mtaa wa vibanda kando ya mto Palmiet. Kwa miaka kadhaa watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walifanya kazi na wakazi wenyewe pamoja na manispaa ya eThekwini: kuhesabu vibanda, kuchora ramani, kufuatilia mto. Kilichotoka humo, zaidi ya makala za kitaaluma, ni kundi la WhatsApp. Mtaalamu wa jiji akiona mvua kubwa inakuja, anaandika. Viongozi wa mtaa wanagonga milango. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua zaidi ya watu 430 katika jimbo hili. Quarry Road West mto ulibeba vibanda vingi, lakini watu walikuwa wameshatoka. Hakuna aliyekufa pale.

Hatusemi chuki ni sawa na mafuriko. Mto hauna mwenye kiberiti. Lakini ujumbe wa aina ile, wenye mtumaji anayejulikana na mpokeaji anayejulikana, ndio uliokosekana Isipingo.

Na hitaji halijaisha. Mwaka 2025 makundi yalisimama milangoni mwa kliniki na hospitali za umma hapa Durban, Addington ikiwemo, yakidai vitambulisho kwa wagonjwa na kusema wageni wameijaza nchi. Sensa ya 2022 ilihesabu waliozaliwa nje kuwa takriban milioni 2.4, asilimia 3.9 ya watu wote. (Sensa ile iliwakosa watu wengi sana, asilimia 31 kwa hesabu ya shirika la takwimu lenyewe, ikabidi irekebishwe, kwa hiyo tusiibebe kama msahafu. Hata ukiongeza mara mbili, nchi haijajaa.) Na Sheria ya Taifa ya Afya ya 2003, kifungu cha 4, inawapa wajawazito na watoto chini ya miaka 6 matibabu ya bure kwenye vituo vya umma, bila kutaja uraia.

Tumeweka kifungu hicho na hizo namba mbili kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kizulu, na tutautuma kwenye kundi la wasikilizaji kabla ya kipindi kijacho. Ukubwa wake unaingia kwenye simu bila kuvuta. Mtumie mama, shangazi, na yeyote mwenye kliniki wiki hii.