Saruji ya kale na chokaa yetu

Ndugu zangu, neno saruji sisi tumelizoea kwa maana ya simenti ya mfuko tu. Hapa Oman ninapoishi saruj ni kitu chengine kabisa, tena kikongwe. Ni udongo wa mfinyanzi uliokaushwa, ukachomwa kwa magogo ya mitende, ukapondwa, kisha ukachanganywa na maji, mara nyengine na chokaa. Hukaza hata penye maji, ndiyo maana mifereji ya falaji ilipakwa hiyo. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi.

Kwetu pwani kazi hiyo aliifanya chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, tanuu likatiwa moto. Joto likifika kama nyuzi 900 jiwe hutoa hewa ya kaboni, ikabaki chokaa kali. Ukiimwagia maji huchemka na kuumuka, basi asiyejua huunguza macho. Ikishapoa huachwa ilale, halafu huchanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukutani huivuta tena ile hewa pole pole mpaka ikarudi kuwa jiwe. Husuni Kubwa ya Kilwa, ya karne ya 14, ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta nene za Mji Mkongwe kule Unguja ni hivyo hivyo.

Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kikaanza 1954, cha Wazo, Dar es Salaam, 1966. Simenti ikajaa madukani, inakaza upesi, na jina la saruji ikalichukua. Mafundi wakaanza kuipiga lipu juu ya kuta za kale. Hapo ndipo penye balaa. Ukuta wa chokaa na udongo hunywa unyevu kutoka chini na kuutoa nje, simenti inauziba. Maji yanabaki ndani, chumvi inakula mawe, vichwa vya boriti vinaoza, mwisho lipu inabanduka na kipande cha ukuta. Kisha watu husema nyumba za wazee hazina nguvu!

Wengi wetu tulio nje ndio tunaotuma pesa za kutengeneza nyumba ya bibi. Basi kabla hujatuma, muulize fundi: lipu ya nini? Na wenye wazee waliowahi kuchoma tanuu, waulizeni vipimo vyao sasa, maana vingi havikuandikwa popote.