Uzi: Ziwa Victoria lina walinzi, lakini nani analinda hewa yake?

Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aseme majirani ndio wanaharibu Ziwa Victoria. Ng'ambo nao wanasema ni sisi. Nasoma sayansi ya siasa hapa tao, na mjadala huu nimeusikia hadi nimechoka, kwa sababu pande zote huruka swali moja: nani anapima kinachoanguka kutoka angani?

Angani, ndio. Karibu asilimia 80 ya maji ya ziwa hilo ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Si Nzoia, si Kagera. Mvua na vumbi huja na fosforasi ya moshi wa mashamba yanayochomwa, ya kuni, na ya udongo unaopeperushwa. Utafiti uliochapishwa 2005 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka hewani. Hiyo ndiyo hulisha mwani ule wa kijani, ambao aina zake zingine hutoa sumu. Watu wa Ghuba ya Winam wanaujua. Ongeza mvuke wa zebaki kwenye machimbo ya dhahabu, Migori hadi Geita.

Sasa historia. Ukishuka matatu Dagoretti Corner, kwa Ngong Road, utaona makao ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Zamani Nairobi ilikuwa na idara moja ya hali ya hewa kwa Kenya, Uganda na Tanzania, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni na kuendelea chini ya Jumuiya ya 1967. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na kila nchi ikabaki na anga yake. Watu hulilia shirika la ndege. Mimi naona tulipoteza kitu kikubwa zaidi na hakuna aliyekiandikia tanzia.

Ushirikiano uliporudi, ulirudi kupitia samaki na magugu maji. Juni 1994, Kisumu, nchi tatu zilitia saini mkataba wa shirika la uvuvi, makao yake Jinja. Mwaka huohuo wakakubaliana kuhusu mradi wa mazingira wa ziwa, LVEMP, ulioanza 1997 kwa pesa za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Mradi huo ulipima hata kinachoshuka na mvua. Awamu ya kwanza ikaisha 2005, ya pili ikaanza 2009. Katikati hapo? Kipimo kinachotegemea mfadhili kina likizo zake.

Halafu Oktoba 2008 nchi za Afrika Mashariki zikapitisha hapa Nairobi mkataba wa kikanda wa uchafuzi wa hewa, pamoja na ule unaovuka mipaka. Umewahi kuusikia kwa mdahalo wowote? 2009 tulikuwa tunapigania Migingo, mwamba usiofika hata ekari moja. Mwamba unaweza kupandwa bendera, hewa haiwezi.

Na msiniambie ati serikali zetu haziwezi. Petroli yenye madini ya risasi ilikubaliwa iondolewe kule Dakar 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imetoka sokoni kusini mwa Sahara. Januari 2015 nchi za Jumuiya zikahamia dizeli yenye salfa kidogo. Iliwezekana kwa sababu mafuta huingia Mombasa na Dar es Salaam, unayakagua bandarini. Moshi wa Kangemi na Kawangware unaondoka na upepo wa mashariki bila kupita forodha yoyote.

Marekani na Kanada walilijua tatizo hili mapema kidogo. Toksafeni, dawa iliyonyunyiziwa pamba majimbo ya kusini, ilipatikana kwa samaki wa ziwa dogo lililo ndani ya kisiwa cha Isle Royale, huko Lake Superior, mbali na shamba lolote la pamba. 1987 wakaingiza sumu za hewani katika mkataba wao wa maziwa, na 1990 wakaanza mtandao wa pamoja wa kupima. Wakibishana, wanabishana juu ya namba zilezile.

Kwa hivyo mgombea akisema tena "ni majirani", muulizeni: vituo vingapi vya kukinga mvua na vumbi vitazunguka ziwa, nani atavilipia mfadhili akienda, na je, Mwanza, Entebbe na Kisumu wataona takwimu zilezile siku ileile?