Suria, Mke na Mjakazi: Mabishano juu ya Hadhi ya Mwanamke Unguja, 1897–1909

Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamud bin Muhammed, Sultani wa Unguja, alitia sahihi amri iliyoifuta hali ya utumwa mbele ya sheria katika Unguja na Pemba. Tangu siku hiyo mahakama hazikuwa na ruhusa ya kuutambua umiliki wa mtu juu ya mtu, na bwana aliyempoteza mtumwa aliyemmiliki kihalali aliweza kudai fidia. Hata hivyo, ndani ya amri hiyo hiyo kilikuwamo kifungu kilichowatenga wanawake wa namna moja. Masuria hawakuhesabiwa miongoni mwa wale walioweza kwenda kudai uhuru kama wengine. Walitazamwa kuwa ni watu wa nyumbani kama walivyo wake, nao ilipasa wabaki walipo, isipokuwa mmoja wao akithibitisha kwamba ametendewa ukatili.

Kwa mtazamo wa haraka, kulinganishwa na mke kungeweza kudhaniwa kuwa ni kupandishwa daraja. Lakini mke wa ndoa alikuwa na mahari yake, na mashahidi wa ndoa yake, na njia zinazojulikana za kutoka: talaka, khului, au kufasikhiwa na kadhi. Suria hakuwa na hata moja katika hayo. Alifananishwa na mke bila ya kupewa haki za mke, na kwa ajili ya mfano huo akanyimwa uhuru ambao mjakazi wa shambani, aliye chini yake kwa cheo, aliweza kuupata kwa kufika mahakamani.

Lugha yenyewe haikuwa na utata huu. Kiswahili cha pwani kiliwatenganisha wazi bibi, mke, suria na mjakazi, na kila neno lilibeba sheria yake. Yafaa ikumbukwe kwamba upande wa wanaume mpangilio haukuwa hivyo: mtwana alikuwa mtwana, wala hapakuwa na neno la kiume la kulingana na suria. Neno hili ni la asili ya Kiarabu, na wataalamu wa lugha hiyo wamelihusisha na mzizi uliotupatia neno siri. Katika adabu ya waungwana mipaka hiyo ilifunzwa tangu utotoni. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Mwanamke anayefunzwa humo ni mwungwana, na mjakazi yumo kama mpaka wa heshima ya mwenziwe.

Lakini suria hakukaa nje ya mpaka huo moja kwa moja. Kwa sheria ya Kiislamu, aliyemzalia bwana wake mtoto hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Mtoto naye alizaliwa huru, akafuata nasaba ya baba. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto wengi waliozaliwa na masuria, na miongoni mwao wakatoka masultani Majid na Barghash. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na mama Mcherkesi aitwaye Jilfidan, aliyaeleza maisha ya nyumba hizo katika kitabu alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Seyyid Hamud mwenyewe alikuwa mjukuu wa Said. Basi waliokuwa wakijadiliwa kama jambo la pembeni walikuwa mama na nyanya za watawala.

Hoja ya maofisa wa Kiingereza ilikuwa kwamba kuingilia nyumba za Waarabu kungezua chuki, na kwamba wanawake walioachiliwa wangeangukia umalaya. Hoja hii ya pili ni dhaifu. Amri ilimtaka kila aliyepewa uhuru aonyeshe makao na njia ya kujipatia riziki, na sharti hilo lilikuwa zito zaidi kwa mwanamke asiye na shamba wala jamaa. Hatari waliyoisema iliongezwa na kifungu walichokiweka wao wenyewe. Wapinzani wa utumwa huko Uingereza, pamoja na Waquaker waliofungua misheni Pemba, hawakuridhika na amri hiyo. Katika ukanda wa pwani ya Kenya sheria kama hii ilitoka mwaka 1907. Unguja, masuria walingoja hadi amri ya mwaka 1909, wakati wa Seyyid Ali bin Hamud.

Amri haikuyafuta maneno. Wanawake wenyewe ndio waliojishughulisha nayo, kwa mavazi na kwa majina. Kaniki, nguo nyeusi ya kazi, iliwekwa kando. Kanga za rangi zikavaliwa, na baadaye buibui, ambalo kwa kufunika kichwa na mwili lilichukua alama ambayo zamani mjakazi alinyimwa. Yupo mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa vizuri, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, na wazazi wake wakampa jina Mtumwa. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kuimba kwa ajili ya santuri, na sahani zilizorudi Unguja na kusikizwa pwani nzima zilikuwa za Siti binti Saad.