Subaru inayokwenda Sindo: Jinsi ya kuchagua mikono ya nyuma inayorekebishika

WAPENZI wa Subaru Impreza huzungumza sana kuhusu injini, turbo na mlio wa ekzosi. Ni wachache wanaoinama kutazama vyuma vinavyoshikilia magurudumu ya nyuma. Lakini gari hilo likiacha lami na kuingia barabara za changarawe zinazozunguka Sindo, katika Kaunti ya Homa Bay, vyuma hivyo ndivyo huamua iwapo dereva atafika kwa utulivu au atapigana na gari linaloyumba upande wa nyuma kila linapofunga breki.

Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili yana historia. Patrick Njiru alimaliza wa nne katika mashindano ya Safari mwaka wa 1994 akiendesha Impreza, na mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda kwa gari la jina hilo hilo. Vijana waliotazama magari hayo yakipita vumbini sasa ni watu wazima wenye magari yao, na wengine huyaendesha hadi nyumbani kando ya Ziwa Victoria wakati wa likizo. Tatizo ni kwamba gari la mashindano lilijengwa upya kwa ajili ya vumbi, ilhali lile lililoagizwa kutoka Japani lilitengenezwa kwa ajili ya lami.

Katika Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili, yaani zilizotengenezwa tangu 1992 hadi 2007, kila gurudumu la nyuma hushikiliwa na shokomzoba kwa juu, mikono miwili iliyolala kuelekea katikati ya gari kwa chini, na mkono mmoja unaoelekea mbele. Kizazi kilichofuata kilibadilishwa muundo, kwa hivyo maelezo ya hapa hayakihusu moja kwa moja. Mikono ile miwili iliyolala ndiyo inayouzwa ikiwa na uwezo wa kurefushwa au kufupishwa.

Kazi yake si ngumu kuelewa. Ukirefusha mikono yote miwili kwa kiasi sawa, sehemu ya chini ya tairi husukumwa nje, na tairi huinamia ndani kwa juu. Ukiifupisha yote miwili, tairi husimama wima zaidi. Ukirefusha ule wa nyuma peke yake, nyuma ya tairi hutoka nje na mbele yake huelekea ndani. Mambo haya mawili, mwinamo wa tairi na mwelekeo wake, ndiyo yanayoamua jinsi tairi itakavyolika na jinsi gari litakavyoshika barabara.

Kwa nini mtu ahitaji kubadilisha urefu huo? Kwa sababu amebadilisha kimo cha gari. Aliyelishusha gari kwa springi fupi hukuta tairi za nyuma zimeinamia ndani kupita kiasi na zinalika upande wa ndani. Aliyeliinua kwa vipande vya plastiki ngumu au chuma juu ya shokomzoba, jambo la kawaida sana kwa wanaosafiri mashambani, hupata kinyume chake: mikono huelekea chini, huvuta sehemu ya chini ya tairi ndani, na tairi husimama kana kwamba zinataka kuangukia nje. Wa kwanza atafupisha mikono, wa pili atairefusha.

Yule ambaye hajabadilisha kimo cha gari lake hana haja ya kununua kitu hiki. Tuliseme wazi, kwa maana wauzaji hawalisemi. Mara nyingi gari linaloyumba nyuma lina bushi za mpira zilizochakaa, na dalili zake hufanana kabisa na zile za mikono yenye urefu usiofaa. Fundi aingize chuma cha kung'olea kati ya mkono na mwili wa gari, ausukume na kutazama. Mkono ukicheza, badilisha bushi au mkono wa kawaida wa kiwandani. Itakugharimu kidogo zaidi. Isitoshe, bolti moja ya mkono wa nyuma hutoka kiwandani ikiwa na uwezo wa kurekebisha mwelekeo wa tairi. Huenda imekwama kwa kutu tu.

Ukishathibitisha kwamba unaihitaji mikono hiyo, swali kubwa zaidi ni la viungo vilivyo kwenye ncha zake. Kuna aina tatu. Ya kwanza ni jointi za chuma zinazozunguka kama beringi. Kampuni ya Cusco ya Japani inajulikana kwa mikono ya namna hii. Hazina mchezo wowote, na dereva wa mashindano huzipenda kwa sababu gari humtii papo hapo. Lakini vumbi la changarawe likipenya ndani yake hufanya kazi ya msasa. Msimu wa mvua, udongo mweusi wa Bonde la Lambwe, kule iliko Mbuga ya Taifa ya Ruma, hujikandika kwenye kila upenyo chini ya gari na kukauka kama saruji. Jointi isiyo na kifuniko cha mpira huanza kugonga mapema, na kelele hiyo huingia moja kwa moja ndani ya gari. Timu ya mashindano hubadilisha jointi kama mtu anavyobadilisha soksi. Mwenye gari la familia hawezi.

Aina ya pili ni bushi za poliyurethani, ambazo ni ngumu kuliko mpira lakini hustahimili mafuta na maji. Kampuni za Australia kama Whiteline na SuperPro zimejijengea jina kwa bushi hizo. Zinahitaji grisi maalumu, na zikikauka hulia kama mlango wenye bawaba kavu. Aina ya tatu ni mpira ulioimarishwa, ambao Hardrace ya Taiwan huutumia katika baadhi ya mikono yake huku ikiuza pia ile yenye jointi za chuma. Kwa barabara za Sindo na zile zinazopanda vilima vya Gwassi, mwandishi wa makala haya angechagua mpira huo bila kusita, na poliyurethani iwe chaguo la pili.

Usiagize kwa jina la gari pekee. Impreza mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa GDA na GDB, na vipuri vyake visiingiliane. Mpe muuzaji herufi na nambari za chesi zilizo kwenye kibati ndani ya boneti. Uliza pia kama mkono mpya una mahali pa kufungia fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, waya wa breki za ABS na mrija wa breki, iwapo ule wa zamani unavyo.

Kagua meno ya kurekebishia. Kanuni ya mafundi ni kwamba sehemu ya bolti iliyoingia ndani isipungue mara moja na nusu ya upana wake. Mkono uliofunguliwa hadi meno machache tu yabaki ndani unaweza kukatika, na mkono wa nyuma ukikatika gurudumu hugeuka lenyewe gari likiwa mwendoni. Kwa sababu hiyo hiyo, katu usikubali mkono wa kiwandani ukatwe na kuchomelewa ili upate urefu, hata kama fundi anasifiwa mji mzima. Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza gari lenye hali ya kuhatarisha wengine kuwa barabarani. Tena, ni busara kuiarifu kampuni ya bima kuhusu mabadiliko hayo kabla ya ajali kuliko baada yake.

Kuifunga mikono kunaweza kufanywa na fundi yeyote makini, kwa sharti moja linalosahauliwa mno. Bolti za bushi za mpira zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira hujipinda siku zote na kuchanika mapema.

Baada ya hapo gari lipelekwe kwenye mashine ya kupima magurudumu katika mji mkubwa kama Kisumu. Kupima kwa uzi hufaa tu kulifikisha huko. Kwa gari la barabarani, mwinamo wa nyuzi moja hadi moja na nusu kuelekea ndani unatosha, na mbele ya tairi za nyuma ielekee ndani kidogo mno au iwe sawa kabisa. Isielekee nje, kwani hilo ndilo huifanya nyuma ya gari iteleze dereva anapofunga breki kwenye changarawe. Dai karatasi ya vipimo uihifadhi.

Mwisho, fundi apake mstari wa rangi unaopita juu ya kila nati na mkono wake. Ukishafika Sindo na kurudi, inama utazame: mstari ukiwa umekatika, nati imelegea.