Kuhifadhi Nakala za Nyaraka Mtandaoni: Mafunzo kwa Familia Kutoka Masasi na Newala

 

Simu moja ya mkononi leo imebeba yale ambayo zamani yalikaa katika sanduku la bibi chini ya kitanda: cheti cha ndoa, hati ya shamba, orodha ya madeni, wasia, picha za marehemu na vyeti vya watoto. Sanduku likiibiwa, nyumba nzima hujua siku hiyo hiyo. Simu ikipotea, mwenyewe husikitikia bei ya simu, na ni baada ya wiki moja au mbili ndipo anapokumbuka kilichokuwamo ndani.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kulinda mafaili hayo kwa kuweka nakala mtandaoni, hatari zinazoyakabili, na mas-alah ya Shari'ah yanayohusiana na jambo hili.

Kwa nini Masasi na Newala

Tunaanza na ndugu zetu wa Mkoa wa Mtwara. Newala iko juu kwenye ukingo wa nyanda za Makonde, ikitazama bonde la Mto Ruvuma. Masasi iko magharibi yake, penye milima ya mawe. Riziki ya wengi huko ni korosho, kama ilivyo karafuu kwa ndugu zetu wa Pemba.

Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika katika zao hilo msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS. Hupimwa kwenye mzani, naye huandikiwa kilo zake. Mzigo huenda ghala kuu, kisha huuzwa mnadani chini ya vyama vikuu: MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, na TANECU kwa Tandahimba na Newala. Malipo huja baadaye kupitia akaunti ya mkulima.

Maana yake ni kuwa kati ya siku ya mzani na siku ya malipo, mkulima hana korosho wala hana pesa. Alicho nacho ni maandishi. Mwezi Novemba 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kwanza kabla ya kulipwa, na wengi walisubiri kwa muda mrefu. Katika kusubiri kwa namna hiyo, mwenye karatasi zake mkononi husimama mahali tofauti na yule ambaye karatasi yake imelowa mvua, au ambaye picha yake ya pekee ilikuwa kwenye simu iliyoibiwa.

Hali hii ni ya kila nyumba, hata isiyo na mkorosho. Mwenye kiwanja Mjini Magharibi, mwenye duka Wete na mwenye mwana aliyeko Muscat wote wanategemea maandishi ambayo mara nyingi yapo mahali pamoja tu.

Hatari zinazoyakabili mafaili yetu

*Kupotea, kuibiwa na kuharibika.* Hii ndiyo hatari ya kila siku. Simu huanguka baharini, huzama kisimani, huporwa stendi, au hufa ghafla.

*Utapeli wa ujumbe.* Nani hajapokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Matapeli hawaishii kwenye pesa. Hujifanya watoa huduma wakaomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako. Ukiwapa, wanaingia katika akaunti yako na kukufungia nje.

*Programu zinazofunga mafaili.* Ziko programu ambazo zikiingia kwenye kompyuta huyafunga mafaili yote, kisha wenye kuzituma hudai fedha. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya namna hii iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 na kukwamisha hospitali nyingi za Uingereza. Aliyekuwa na nakala mahali pengine aliweza kuisafisha kompyuta yake na kuyarudisha mafaili bila kumlipa mhalifu.

*Majanga.* Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia, na mafuriko yakakata barabara ya kusini katika eneo la Somanga, Kilwa, hata safari kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara zikasimama. Maji yanapoingia nyumbani hayachagui kati ya mkeka na cheti cha kuzaliwa.

Nakala rudufu ni nini

Nakala rudufu ni nakala ya ziada ya faili, iliyowekwa mbali na faili la asili. Ikiwa mbali kwenye mtandao, huhifadhiwa katika kompyuta za kampuni inayotoa huduma hiyo, nawe huifikia kwa simu yoyote ukiwa na akaunti na nywila yako.

Kanuni inayotumiwa na mafundi wa kompyuta ni 3, 2, 1: nakala 3 za kila faili muhimu, katika vifaa vya aina 2, na nakala 1 iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida hii ni rahisi. Hati ya asili iko kabatini, picha yake iko kwenye simu au flashi, na nakala nyingine iko mtandaoni.

Tusitegemee mtandao peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Nasi wa Unguja hatujasahau mwaka 2008 tulipokaa takriban mwezi mmoja bila umeme, na kisha takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Karatasi na flashi zina kazi yake siku kama hizo.

Namna ya kufanya

1. Kusanya kwanza. Kaa na mwenzako nyumbani, andikeni orodha ya nyaraka zenye haki ndani yake: vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, talaka kama ipo, hati za ardhi, mikataba, stakabadhi za mazao, madeni mnayodai na mnayodaiwa, wasia, na hati za waqfu kama mnausimamia.

2. Piga picha penye mwanga, karatasi nzima ionekane, pamoja na mhuri na saini. Ipe picha jina linaloeleweka, kwa mfano "stakabadhi ya korosho, Novemba 2024".

3. Weka mtandaoni. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, na Apple hutoa GB 5. Picha elfu moja za karatasi haziwezi kuijaza nafasi ya GB 15 kwa urahisi. Kinachoijaza ni video. Chagua katika mipangilio kuwa nakala zipande kwa Wi-Fi tu, usije ukamaliza bando.

4. Funga mlango. Tumia nywila ndefu ambayo huitumii mahali pengine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Namba ya uthibitisho haipewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anatoka benki au kampuni ya simu.

5. Angalia namba ya simu iliyofungamanishwa na akaunti. Wengi wetu husafiri Oman au Dubai na kuiacha laini ya nyumbani. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Badilisha namba kabla ya kusafiri.

6. Jua tofauti ya kuhifadhi na kusawazisha. Programu nyingi za picha husawazisha: ukifuta picha kwenye simu, inafutika na kule mtandaoni. Nyaraka muhimu ziweke katika folda yake, na nakala nyingine iwe kwenye flashi.

7. Jaribu. Kila baada ya miezi michache, fungua akaunti hiyo kwa simu ya mtu wa nyumbani unayemwamini, uone kama cheti kinafunguka na kusomeka. Kisha utoke kwenye akaunti.

Mazungumzo ya WhatsApp nayo yana madeni na makubaliano mengi. Tangu mwaka 2021 programu hiyo inaruhusu nakala yake kufungwa kwa nywila ya mwenyewe. Ni kinga nzuri, lakini ukiisahau nywila hiyo hakuna atakayeweza kukufungulia. Iandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na hati zako.

Ukitapeliwa, toa taarifa kwa namba 15040 ya kupokea ujumbe wa matapeli, na uende polisi. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Unaweza pia kupiga *106# kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Upande wa Shari'ah

Aayah ndefu kuliko zote katika Qur-aan, nayo ni ya 282 katika Suwrat Al-Baqarah, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Jumhuwr ya 'Ulamaa wameiona amri hiyo kuwa ni ya kupendekezwa, na baadhi yao, akiwamo Imaam At-Twabariy, wameiona ni ya wajibu. Wote wanakubaliana kuwa makusudio ni kuzilinda haki za watu. Maandishi yaliyoandikwa kisha yakaachwa yapotee hayakulinda haki ya mtu.

Kuchukua sababu hakupingani na tawakkul. Katika Hadiyth iliyopokewa na At-Tirmidhiy kutoka kwa Anas (Radhwiya Allaahu 'anhu), aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliagizwa amfunge kwanza na kisha ategemee kwa Allaah.

Na wema waliotangulia walilijua jambo hili. Baada ya vita vya Yamaamah, walipouawa wengi waliohifadhi Qur-aan, 'Umar alimshauri Abu Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) ikusanywe, na kazi hiyo akapewa Zayd bin Thaabit. Kurasa hizo zilikaa kwa Abu Bakr, kisha kwa 'Umar, kisha kwa Mama wa Waumini Hafswah. 'Uthmaan akaamrisha zinakiliwe, na nakala zikapelekwa miji mbalimbali. Hatulinganishi Kitabu cha Allaah na mafaili yetu, lakini busara ya kutoacha jambo zito mahali pamoja tu tunaiona humo.

Kulipia nafasi ya ziada mtandaoni ni malipo ya huduma. Bei na muda vikijulikana, asili yake ni kuwa inafaa.

Liko jambo la sitara pia. Picha za mama na dada zetu bila ya hijaab zisipande mtandaoni bila wenyewe kujua na kuridhia, na zisiwekwe katika folda inayofunguliwa na watu wengi. Ukimpelekea fundi simu, ondoa akaunti zako kwanza ukiweza. Na mwenye kuona nywila ya mwenzake asiitumie kupekua, kwani kupeleleza kumekatazwa katika Suwrat Al-Hujuraat.

Baada ya mauti

Hili ndilo linalosahaulika zaidi. Katika Hadiyth ya Ibn 'Umar iliyomo kwa Al-Bukhaariy na Muslim, Muislamu mwenye kitu cha kuusia hatakiwi kulala mikesha miwili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Je, wasia ulioandikwa ndani ya simu iliyofungwa kwa alama ya kidole cha marehemu utasomwa na nani?

Madeni ya maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Ikiwa orodha ya madeni iko ndani ya akaunti ambayo hakuna anayeweza kuifungua, warithi wanaweza kula haki ya mtu bila kujua, na marehemu akabaki na mzigo ambao ungeondolewa kwa karatasi moja. Tena Google imejiwekea utaratibu wa kufuta akaunti zisizotumika kwa miaka 2.

Kwa hiyo andika katika wasia wako mahali zilipo nyaraka na namna ya kuzifikia, uufunge, na umkabidhi mtu mwaminifu. Google ina mpangilio wa kumteua mtu atakayepata mafaili akaunti ikikaa muda mrefu bila kutumika. Apple nao, tangu mwisho wa mwaka 2021, wanaruhusu kumteua mrithi wa akaunti. Na orodha ya madeni iwe na nakala ya karatasi, yenye mashahidi.

Tunawanasihi ndugu zetu waanze leo na hati tatu tu: cheti cha ndoa, hati ya ardhi na orodha ya madeni. Nyingine zitafuata in shaa Allaah.

Wa-Allaahu A'lam.